Kaggia: Mhubiri aliyeiacha mimbari akaingia katika siri za Mau Mau

KATIKA orodha ya wafungwa sita wa Kapenguria ambayo kila mtoto wa Kenya hufundishwa shuleni, jina la Bildad Mwaganu Kaggia hutajwa mara nyingi bila maelezo. Kenyatta alikuja kuwa Rais. Paul Ngei aliitawala siasa ya Ukambani kwa miaka mingi. Achieng Oneko na Fred Kubai waliketi Bungeni. Kaggia naye hukumbukwa kama mkaidi aliyegombana na serikali ya Uhuru kuhusu mashamba, kisha akafa akiwa mtu wa kawaida.

Lakini kabla ya kuwa mwanasiasa, na kabla ya kuwa mfungwa, Kaggia alikuwa mhubiri. Alikuwa na waumini waliomfuata kutoka kijiji hadi kijiji, na madhehebu ambayo watu waliyaita kwa jina lake. Mtu huyo huyo aliyewafundisha watu kusali ndiye aliyeketi baadaye katika kamati ya siri iliyoendesha viapo vya Mau Mau kutoka mitaa ya Waafrika ya mashariki mwa Nairobi. Namna alivyotoka mimbarini hadi katika kamati hiyo ni sehemu ya historia ya Eastlands isiyosimuliwa mara nyingi.

Kaggia alizaliwa mwaka wa 1921, wakati Kenya ilipokuwa ndiyo kwanza imegeuzwa rasmi kuwa koloni la Uingereza. Alipata masomo katika shule ya misheni ya Kianglikana ya Kahuhia, Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati huo. Alikuwa mwanafunzi hodari, na alipomaliza aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Kwa kijana Mwafrika wa zama zile, hiyo ilikuwa kazi ya heshima. Mshahara ulikuwa wa hakika, nguo zilikuwa safi, na wazee wa kijiji walimsalimu karani kwa adabu kwa sababu ndiye aliyeshika karatasi zao.

Vita Vikuu vya Pili vilimwondoa katika meza hiyo. Mwaka wa 1940 alijiunga na jeshi, na kwa muda wa miaka kadhaa akatumikia Mashariki ya Kati. Huko aliyaona mambo ambayo hakuna mwalimu wa misheni aliyewahi kumwambia. Aliwaona wanajeshi Wazungu wakilipwa zaidi na kulishwa vizuri zaidi kuliko Waafrika waliofanya kazi ile ile na waliokabiliwa na risasi zile zile. Alifika pia katika nchi takatifu, akayatembelea maeneo ambayo hadi wakati huo aliyajua kwa kuyasoma katika Biblia tu.

Ziara hiyo ilimtikisa. Aliona kwamba imani aliyoletewa na wamisionari ilikuwa imechanganywa na mila za Waingereza, na kwamba mambo mengi ambayo Mwafrika aliambiwa ni amri ya Mungu yalikuwa desturi za Ulaya tu. Mnamo 1945 alipelekwa Uingereza kwenyewe, kuhudumu miongoni mwa wanajeshi wa Afrika Mashariki waliokuwa wametekwa vitani na sasa wakingoja kurudishwa makwao. Huko akawaona Wazungu maskini, Wazungu wafanyakazi wa mikono, na Wazungu wasiojali kanisa. Ile haiba ya bwana mkubwa aliyokuwa ameizoea Fort Hall ikamwondoka machoni.

Aliporejea nyumbani mwaka wa 1946 hakurudi katika kanisa la misheni. Alianza kuhubiri mwenyewe. Ujumbe wake ulikuwa rahisi, na kwa watawala ulikuwa wa hatari: kwamba Mwafrika anaweza kumwabudu Mungu bila msimamizi Mzungu, na kwamba Biblia haimwamrishi mtu kuacha utu wake ili aokoke. Wafuasi wake walijiita marafiki wa Roho Mtakatifu, lakini watu wa nje waliwaita kwa ufupi Dini ya Kaggia. Madhehebu hayo yalienea Murang'a na sehemu nyingine za Mkoa wa Kati, na hata kuvuka hadi Ukambani.

Wakuu wa kanisa walimwona kuwa mwasi, na serikali ikamwona kuwa mchochezi. Kwa kweli pande zote mbili zilikuwa zimesoma dalili barabara. Mtu anayewaambia waumini kwamba hawahitaji padri wa kigeni hayuko mbali na kuwaambia kwamba hawahitaji gavana wa kigeni.

Riziki ndiyo iliyomleta Nairobi. Mji huo, uliokuwa na wakazi wapatao 119,000 kwa mujibu wa hesabu ya watu ya 1948, ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Wazungu waliishi magharibi na kaskazini, kwenye vilima vyenye hewa safi. Wahindi walikuwa na sehemu zao. Waafrika walisukumwa mashariki, katika uwanda wenye udongo mweusi unaogeuka tope kila mvua inaponyesha. Pumwani, mtaa uliotengwa kwa ajili yao mapema katika miaka ya 1920, ulikuwa umejaa. Baadaye ukaja mtaa wa Shauri Moyo, kisha Ziwani, Starehe na Kaloleni. Wafanyakazi wa reli walikuwa na nyumba zao za Muthurwa na Makongeni.

Katika mitaa hiyo chumba kimoja kililala wanaume watatu au wanne, kila mmoja akiwa ameiacha familia yake mashambani. Mshahara haukutosha kodi na chakula, sembuse karo. Askari waliingia usiku kukagua vipande. Wanajeshi waliorudi vitani walikuwa wengi, na waliyakumbuka yote waliyoahidiwa walipokuwa wakipigania Ufalme wa Uingereza. Hadi leo soko la Burma, jirani na Shauri Moyo, lingali linabeba jina la uwanja mmojawapo wa vita hivyo.

Ni katika mazingira hayo ndipo mhubiri alipoanza kubadilika. Njaa ya watu wa Pumwani haikuwa jambo la kuombewa tu. Kaggia alijiunga na harakati za wafanyakazi, akapanda hadi kukiongoza chama cha makarani na wafanyakazi wa maduka na ofisi. Huko alikutana na watu wa aina nyingine kabisa. Alikuwako Fred Kubai, kiongozi wa madereva wa teksi na wafanyakazi wa uchukuzi, mtu wa vitendo aliyewajua vijana wote wa mji. Alikuwako pia Makhan Singh, Singasinga mkomunisti ambaye Mei 1949 alikuwa ameshirikiana na Kubai kuanzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki.

Mnamo Mei 1950 serikali iliwakamata Singh na Kubai. Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Kitovu cha mgomo huo kilikuwa Pumwani, na kwa muda wa siku tisa hivi kazi nyingi za mji zilisimama. Wagomaji walitaka viongozi wao waachiliwe, na walitaka mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Serikali ilijibu kwa marungu na mabomu ya machozi. Mgomo ulipovunjwa, Singh alikuwa amepelekwa kizuizini kaskazini mwa nchi, ambako angekaa zaidi ya miaka 11. Pengo lililoachwa katika uongozi wa wafanyakazi lilihitaji watu wa kulijaza, na Kaggia akawa mmoja wao, akachukua usukani wa chama cha wafanyakazi cha Afrika Mashariki.

Kufikia hapo mimbari ilikuwa imebaki nyuma. Waumini wake walihuzunika, kwa kuwa walimtarajia awe baba yao wa kiroho maisha yake yote. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuona kwamba ameiacha imani. Aliona kwamba dhuluma aliyoihubiri kanisani ilikuwa na mizizi katika mshahara, katika kipande na katika ardhi, na kwamba mizizi hiyo haingeng'olewa kwa sala peke yake.

Chama kikuu cha siasa cha Waafrika wakati huo kilikuwa Kenya African Union, KAU, chini ya Jomo Kenyatta. Viongozi wake wengi waliamini katika maombi, barua na ujumbe wa kwenda London. Vijana wa vyama vya wafanyakazi waliona kwamba njia hiyo ilikuwa imekwama. Mwezi Juni 1951, katika uchaguzi uliofanyika katika ukumbi wa Kaloleni, walilitwaa tawi la Nairobi. Kubai akawa mwenyekiti, Kaggia akawa katibu, na Paul Ngei akawa msaidizi wake. Wazee wa msimamo wa wastani, ambao miongoni mwao alikuwa Tom Mbotela, wakajikuta wamepoteza nguvu.

Kwa macho ya umma, Kaggia sasa alikuwa katibu wa tawi la chama halali. Aliitisha mikutano, akahariri gazeti la Kikuyu lililoitwa Inooro ria Agikuyu, akaandika barua za chama. Lakini chini ya pazia hilo palikuwa na kazi nyingine. Kamati ya siri iliyojulikana kama Muhimu ilikuwa imeuchukua mpango wa viapo kutoka kwa wazee wa Kiambu na kuugeuza kuwa chombo cha mapambano. Kaggia alikuwa mmoja wa wanakamati. Viapo viliendeshwa usiku katika nyumba za Eastlands na mashambani, na madereva wa teksi wakawa wasafirishaji wa watu na habari. Pesa zilichangwa, na silaha zikaanza kutafutwa.

Kiapo ndicho kilichowagawa Wakristo wa Kenya. Makanisa ya misheni, Wakatoliki kwa Waprotestanti, yalikilaani kuwa ni kumkana Kristo. Wako waumini waliokataa kula kiapo na wakauawa kwa sababu hiyo, na makanisa yao yanawaenzi hadi leo. Wako wengine waliokula wakiwa na hofu, na wengine waliokula kwa hiari huku rozari au kitabu cha sala kikiwa mfukoni.

Katika jimbo Katoliki la Nairobi jambo hilo lilikuwa na kinaya chake. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliohudumu katika mji huo, Eastleigh ikiwemo, wengi wao walikuwa Waayalandi. Askofu wao, John Joseph McCarthy, alizaliwa Ayalandi vilevile. Hao walikuwa watu wa taifa ambalo lilikuwa limepigana na Waingereza kwa bunduki kizazi kimoja tu kabla yake, na ambalo mapambano yake yaliwahi kuwatia majaribuni mapadri wake wenyewe.

Huko Dublin, baada ya uasi wa Pasaka wa 1916, watawa Wakapuchini ndio waliowapa sakramenti za mwisho viongozi waliopigwa risasi na Waingereza. Watawa hao walikuwa wamekwenda gerezani kama wachungaji, lakini baadhi yao walitoka humo wakiwa wameungana kwa moyo na wafu wao. Padri Dominic O'Connor alikuwa kasisi wa mameya wawili wa Cork waliokuwa wanamapinduzi, Tomás Mac Curtain na Terence MacSwiney, na alikuwa karibu na MacSwiney alipokuwa akifa kwa mgomo wa kutokula katika gereza la Brixton mnamo Oktoba 1920. Mwaka wa 1922, Waayalandi walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe juu ya mkataba na Uingereza, O'Connor na mwenzake Padri Albert Bibby walikuwa pamoja na wapiganaji waliozingirwa katika jengo la mahakama la Four Courts. Maaskofu wakawanyima sakramenti wapiganaji wa upande huo. Watawa hao wawili wakaishia Marekani, wakafia huko, na mifupa yao ilirudishwa nyumbani mwaka wa 1958.

Kwa hiyo swali la mtu wa Mungu kusimama na watu wenye silaha halikuanzia Pumwani. Tofauti ni kwamba mtawa wa Ayalandi alikuwa na askofu na nadhiri ya utii. Aliposimama na waasi aliwapelekea sakramenti, na wakubwa wake walipochoka naye walimpeleka ng'ambo. Kaggia hakuwa na askofu wa kumzuia wala wa kumlinda. Hakuwa kasisi wa mapambano. Alikuwa mmoja wa wapangaji wake.

Kufikia katikati ya 1952 mambo yalikuwa yamechacha. Watawala walimshinikiza Kenyatta aikemee Mau Mau hadharani, naye mwezi Agosti akafanya hivyo mbele ya umati mkubwa mjini Kiambu. Kamati ya Nairobi ilimwita katika jumba la Kiburi, lililokuwa kwenye barabara ya Grogan, ambayo leo ni Kirinyaga. Kwa mujibu wa masimulizi ya Kaggia na Kubai ya miaka ya baadaye, walimtaka Kenyatta apunguze makali ya hotuba zake, kwa maana alikuwa akiharibu kazi ambayo hakuijua yote. Jambo hilo lina uzito. Mtu ambaye Waingereza walimwita kichwa cha Mau Mau ndiye aliyekuwa akipewa masharti na makarani na madereva wa Eastlands.

Usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari. Kaggia alikamatwa pamoja na wenzake katika operesheni hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 31.

Kesi iliendeshwa Kapenguria, mbali na mji na mbali na waandishi wengi wa habari. Washtakiwa walikuwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Mashtaka yalikuwa ya kuendesha chama haramu cha Mau Mau. Wakili Mwingereza D. N. Pritt aliwatetea mbele ya Hakimu Ransley Thacker. Shahidi mkuu dhidi ya Kenyatta, Rawson Macharia, alikiri baadaye kwamba alikuwa ametoa ushahidi wa uongo. Aprili 8, 1953, wote sita walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, lakini hakuachiliwa, alipelekwa kizuizini.

Kejeli ya kesi ile ni kwamba serikali haikujua ilichokuwa nacho mikononi. Ilielekeza nguvu zake zote kwa Kenyatta, ambaye mchango wake katika kamati ya siri haukuthibitika, huku watu kama Kaggia na Kubai, waliokuwa ndani kabisa, wakichukuliwa kuwa wafuasi wake tu.

Nje, moto uliwaka bila wao. Mwezi mmoja tu baada ya tangazo la hali ya hatari, Novemba 26, 1952, Tom Mbotela aliuawa karibu na soko la Burma. Mwaka uliofuata Diwani Ambrose Ofafa, kiongozi mashuhuri wa Waluo mjini, naye akapigwa risasi. Mauaji yote mawili yalihusishwa na Mau Mau. Mitaa ya Mbotela na Ofafa katika Eastlands ilipewa majina yao. Maelfu ya watu wanaopanda matatu kuelekea mitaa hiyo kila siku huwataja marehemu hao bila kujua kwamba walikuwa Waafrika waliokufa katika vita vya Waafrika kutafuta uhuru. Kaggia alikuwa kifungoni wakati wa mauaji hayo. Hata hivyo, kamati aliyoisaidia kuijenga ilikuwa imeachilia nguvu ambayo haikuchagua daima nani wa kumpiga, na hilo ni sehemu ya hesabu ya maisha yake.

Kazi ya kuwapelekea wapiganaji silaha na pesa kutoka mjini iliendelea mikononi mwa wengine. Mmoja wao alikuwa Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari kutoka familia ya Kigoa, jamii ya Wakatoliki waliotoka pwani ya India. Kisha, alfajiri ya Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil. Walipita Eastlands nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa vyumbani, wakapangwa mistari, wakachujwa. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Eastlands iliyokuwa imemlea Kaggia kisiasa ilimwagwa kwa siku chache tu. Pinto mwenyewe alikamatwa miezi miwili baadaye.

Huko Lokitaung, kaskazini kabisa mwa nchi ya Waturkana, wafungwa wa Kapenguria walipasua mawe na kuchimba mitaro juani. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, aliachiwa kazi ya kuwapikia wenzake. Jela haikuwaunganisha kama wengi wanavyodhani. Kaggia na vijana wenzake walitofautiana na mzee huyo juu ya siasa na juu ya maisha ya gerezani, na nyufa za miaka ya 1960 zilianzia katika ua huo wa mchanga. Mwaka wa 1958 barua ya wafungwa watano wa Lokitaung iliyolalamikia hali zao ilipenyezwa nje na kuchapishwa katika gazeti la Observer la London. Ilifungua macho ya Waingereza wengi, na Oginga Odinga akalitaja suala la wafungwa hao katika Baraza la Kutunga Sheria bila kuogopa.

Kaggia aliachiliwa mwaka wa 1961. Miaka miwili baadaye akachaguliwa kuwa Mbunge wa Kandara kwa tiketi ya KANU, na Kenyatta akamteua msaidizi katika wizara ya elimu. Hapo ndipo wengi walipotarajia kwamba angetulia. Alikuwa ameteseka, na sasa ilikuwa zamu yake ya kula.

Hakula. Alipozuru eneo lake alikuta watu waliotoka kambi za vizuizi hawana pa kusimamisha kibanda. Katika miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilikuwa imepima na kuunganisha mashamba ya Murang'a huku wenyewe wengi wakiwa kizuizini, na watiifu wake wakajipatia sehemu nono. Isitoshe, mashamba ya walowezi yalikuwa yakiuzwa kwa mikopo, hivyo mpiganaji aliyepoteza kila kitu alitakiwa kuinunua ardhi aliyoipigania. Kaggia alisema na kuandika kwamba hilo si haki, na kwamba wasio na ardhi wapewe bure. Kenyatta alimwonya kwa barua mwezi Mei 1964. Mwezi Juni Kaggia alikuwa nje ya serikali.

Mwaka wa 1965 ulikuwa mchungu zaidi. Februari 24, Pinto, ambaye sasa alikuwa Mbunge na mshirika wake wa karibu, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Westlands akiwa na umri wa miaka 37. Baadaye mwaka huo Kenyatta alimkabili Kaggia hadharani huko Kandara kwenyewe. Mbele ya umati alimlinganisha na wenzake waliofungwa pamoja naye ambao sasa walikuwa na mashamba na mali, akamuuliza yeye amejifanyia nini. Waliokuwa pale wengine walicheka. Swali hilo lilikusudiwa kumwaibisha, lakini kwa vizazi vilivyofuata limegeuka kuwa ushahidi wa usafi wake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Kaggia alikataa kushiba kabla ya wenye njaa.

Mwaka wa 1966 alimfuata Odinga katika chama kipya cha Kenya People's Union, KPU, akawa naibu wake. Bunge lilibadilisha Katiba ili kila aliyehama chama arudi kwa wapiga kura, na katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo Kaggia akapoteza Kandara kwa Taddeo Mwaura. Kwa Mkikuyu kuwa katika KPU ilikuwa ni kutengwa na jamii yake. Mnamo 1968 alifungwa kwa kosa la kuhutubia mkutano usiokuwa na kibali. Hukumu ya mwaka mmoja ilipunguzwa hadi miezi sita katika rufaa. Waingereza walikuwa wamemfunga. Sasa na serikali ya Uhuru ilikuwa imemfunga.

Mwaka wa 1969, kabla KPU haijapigwa marufuku mwezi Oktoba, Kaggia alichoka akarudi KANU. Alipewa nyadhifa katika bodi za serikali. Wako waliosema kwamba amesalimu amri. Huenda ni kweli kwamba alikuwa amekubali kushindwa, lakini hakukana aliyoyaamini. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Roots of Freedom, kilichochapishwa mwaka wa 1975, alieleza waziwazi mambo ya kanisa lake, ya vyama vya wafanyakazi na ya kamati ya siri, wakati ambapo wakubwa wengi hawakutaka habari za Mau Mau zitajwe.

Uzeeni aliishi maisha ya kawaida, akiendesha kinu cha kusaga mahindi huku majina ya wenzake yakiandikwa kwenye barabara na majumba. Aliishi kumwona Mwai Kibaki akiingia madarakani, na mwaka wa 2003 aliona serikali ikiondoa marufuku iliyokuwa juu ya Mau Mau tangu 1950. Zaidi ya nusu karne chama kilichoileta Kenya mezani kilikuwa haramu katika sheria za Kenya. Kaggia alifariki Machi 7, 2005, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Miongoni mwa wale sita, ni Achieng Oneko pekee aliyebaki nyuma yake, naye akafuata mwaka wa 2007. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa hai mwaka wa 2013 Uingereza ilipokubali kuwalipa fidia wahanga 5,228 wa mateso ya hali ya hatari.

Wapo watakaoendelea kubishana kama mhubiri alikuwa na haki ya kuingia katika kamati ya viapo, hasa wakiwakumbuka waumini waliouawa kwa kukikataa kiapo hicho. Ubishi huo ni wa haki, na makaburi ya pande zote mbili yanaudai. Lisilobishaniwa ni kwamba Kaggia alimdai kila bwana jambo lile lile. Alimdai mmisionari Biblia isiyokuwa na ubwana ndani yake, akamdai tajiri mshahara wa kutosha, akamdai gavana nchi, na wenzake walipoketi katika kiti cha gavana akawadai ardhi ya maskini. Madai matatu ya kwanza yalijibiwa kwa sehemu. La nne lingali mlangoni mwa Wakenya, kutoka Kandara hadi vibanda vya Eastlands ambako watoto wa wasio na ardhi wangali wakipanga chumba.

Mungu aiweke roho ya marehemu mahali pema.